Joto Chini ya Kiti cha Saba

Kwa miaka kumi na saba Priscille Kabamba alisafisha ndege katika uwanja wa Zaventem, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukalia hata kiti kimoja kati ya vile alivyovifuta. Wenzake wakichoka hujitupa vitini dakika mbili, wakanyoosha miguu na kuvua viatu. Yeye husimama. Alikuja Ubelgiji kwa ndege kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, akiwa na mimba ya miezi mitano, na kutoka Lubumbashi mpaka Brussels hakufumbua macho ila kwenda msalani. Tangu siku ile hajapanda tena. Ndugu zake wa Likasi wakimwita harusini hutuma vitenge na salamu. Waumini wenzake mtaani kwao Koekelberg walidhani ana matatizo ya hati, naye akawaacha wadhani hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Aliyejua ukweli ni mumewe Hénock, dereva wa basi. Mwaka mmoja kabla ya safari ile mama yake Priscille alifariki Lubumbashi, na mdogo wake Priscille, Bienaimé, alikuwa Mbuji-Mayi. Barabara ilikuwa haipitiki. Ndege iliyopatikana ilikuwa kuukuu, ya Kirusi, ya kubebea mizigo, mali ya mtu binafsi, na watu walipakiwa juu ya magunia. Bienaimé akampigia dada yake simu akiwa uwanjani.

“Yaya, hii ndeke, mulango banaifunga na kamba. Niko na woga.”

Mwili wa mama ulikuwa umelazwa sebuleni, wanawake wanaimba, na Priscille hakuwa amelala siku mbili. Akajibu, “Panda tu. Mama hawezi kukungojea.”

Ndege ilianguka kabla ya kufika. Mama walimzika siku ile ile, maana haikuwezekana kungoja zaidi. Bienaimé walimpata baada ya wiki mbili, au walipata kile walichoambiwa kuwa ni yeye. Tangu hapo Priscille aliogopa vitu viwili kuliko vyote duniani: haraka, na ndege ya mtu binafsi.

Kwa nini basi akaenda kufanya kazi ndani ya ndege? Hénock alimwuliza mara moja, akajibiwa kwamba kazi ndiyo iliyopatikana. Lakini mtu aliyemtazama akiwa kazini angeona jambo jingine. Wenzake walifuta meza wakapita. Yeye alivuta kila mkanda mpaka ulie, akainama chini ya kila kiti kuona kama jaketi la kuokolea lipo. Miaka mitatu iliyopita, katika ndege ya shirika jingine, alikuta majaketi mawili hayapo, akasema. Safari ilichelewa. Majaketi yaliletwa, ila Priscille aliondolewa kwenye timu mwezi mzima, akapelekwa kusafisha vyoo vya kumbi, na jina la “mtafuta makosa” likamfuata hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alijifunza kufunga mdomo. Kuangalia hakuacha.

Mimba ile aliyokuja nayo ndiyo Graciella, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili na anasomea ufamasia huko Woluwe. Jioni moja ya Septemba mtoto aliingia jikoni na habari zilizompasua uso kwa tabasamu: amepata nafasi ya mafunzo ya miezi mitano katika maabara moja ya Shanghai, na tikiti imeshatolewa.

“Compagnie gani?” mama akauliza.

“Yunhe.”

Priscille alizijua ndege za Yunhe. Zilitua Zaventem mara tatu kwa wiki, nyeupe, mkia wa buluu.

“Iko ya serikali?”

“Non, maman. Ya privé. Ya tajiri mumoja na benzake.”

Priscille akaweka mwiko chini. Bukari, ugali wa kwao, ikaanza kushika mabonge na hakuiangalia.

Graciella alimfahamu mama yake. Hakubishana, alileta kompyuta, akasogeza sahani, akaanza kumsomea. “Sikia. Toka banaanza, miaka kumi na tisa, hakuna passager hata mumoja mwenye alikufa. Ndeke zao ni mpya. Ulaya inabaruhusu. Kuko compagnies za serikali zenye rekodi mubaya kupita hii.”

“Na makosa? Hawana makosa hata kamoja?”

Mtoto alisogeza ukurasa kwenye kompyuta. Angeweza kudanganya, lakini hakulelewa hivyo. “Iko moja. Zamani. Piste, njia ya kutulia, ilikuwa na maji, banamuambia captain azunguke, ajaribu tena. Yeye akatua. Ndeke ikatoka kwenye piste, magurudumu ikaingia mu majani. Hakuna mwenye aliumia. Captain alinyanganywa licence, na compagnie ikakatazwa kuongeza safari mwaka muzima.”

“Juu ya nini hakusikia?”

“Alikuwa amechelewa, maman. Banasema alikuwa na haraka.”

Neno hilo lilimwingia Priscille kama mwiba wa samaki kooni. Siku zilizofuata aliamka nalo, akapika nalo, akapanda nalo treni ya kwenda kazini. Graciella alirudia hesabu zake: safari maelfu kwa maelfu, kosa moja, tena la zamani. Mama alisikiliza, akakubali kila tarakimu, na mwisho akasema, “Hiyo yote ni ya jana. Weye utapanda ya Jumatatu.”

Kumzuia hakuweza. Mtoto ni mtu mzima, na safari ya namna ile haiji mara mbili. Akafanya kitu kimoja kilichokuwa mikononi mwake. Alimwendea Jérôme, msimamizi wao, mtu wa Charleroi mwenye sauti kubwa na saa mbili mkononi, akaomba kubadilishiwa zamu ili Jumatatu awe kwenye timu ya Yunhe. Sababu hakuitaja. Ni Felisia tu aliyeijua. Felisia ni Mtanzania wa Bukoba. Wamefanya kazi pamoja miaka tisa, kila mmoja na Kiswahili chake.

“Sasa dada, ukiisafisha wewe ndiyo haitaanguka?” Felisia alimwuliza.

“Sijue. Lakini nitakuwa nimeiona.”

Jumatatu ndege iliingia imechelewa dakika arobaini. Maana yake wasafishaji, ambao kwa kawaida hupewa saa nzima, walipewa nusu saa. Jérôme alisimama mlangoni akipiga makofi kama mtu anayefukuza kuku: haraka, haraka, mabibi. Priscille na Felisia walipangiwa sehemu ya mbele, yenye viti vikubwa vinavyolala vikawa vitanda. Simu ya Priscille ikatetemeka mfukoni. Graciella alikuwa ameandika: *Niko gate. Naona ndeke yako kwa dirisha.*

Alianza safu ya kwanza. Mkanda, mfuko wa kiti, jaketi, meza, na nafasi ile nyembamba kati ya mto na ukuta wa kiti, ambamo huzama kalamu, herini na meno ya bandia. Wengi hawatii mkono humo. Yeye alitia, kiti hadi kiti.

“Dada, umeshagusa kila kitu mara mbili. Tutabaki nyuma.”

“Ngojea kidogo.”

Katika safu ya saba, upande wa dirishani, mkono wake uligusa kitu kigumu na akauvuta upesi. Kilikuwa cha moto, mfano wa pasi iliyozimwa muda si mrefu. Akainamisha uso. Harufu ilimpanda puani, tamu, ya rangi ya kucha, katika kiti ambacho abiria wake alikuwa ameshashuka na kwenda zake.

Priscille aliganda. Kwenye mafunzo walikuwa wameambiwa: kitu kikizama kwenye viti hivi, usikisogeze kiti. Mota ya kiti hukibana. Simu au betri ikibanwa huanza kupata joto kidogo kidogo, halafu huwaka kwa ghafla, na moto wake haujali blanketi wala maji kidogo.

“Felisia,” akanong’ona, “kuko betri ndani. Inapata moto.”

Felisia alinusa, macho yakamtoka. “Ni pawabenki hiyo. Usiguse. Usiguse kabisa. Namwita mtu wa Yunhe.” Akatupa kitambaa na kukimbilia mlangoni.

Ni Jérôme aliyetangulia kufika.

“Kuna nini tena?”

“Chef, betri imezama. Iko na moto.”

“Basi inua kiti uitoe. Abiria wanaingia baada ya dakika nane.” Akapinda mgongo na kupeleka kidole kwenye vitufe vya mkono wa kiti.

Priscille hakujua aliamua saa ngapi. Aliona tu kiganja chake kimefunika vitufe vyote.

“Non.”

“Priscille, toa mkono.”

“Non, chef.”

Hakuwahi kumkatalia msimamizi yeyote. Hofu mbili zilimshika, moja kila upande. Alijiona tena na ndoo katika vyoo vya kumbi, safari hii bila kurudi. Na chini ya kiganja chake, sentimita chache tu, kulikuwa na kile kitu kikizidi kupata joto, na nje ya dirisha, nyuma ya kioo cha ukumbi, mtoto wake. Alikaza mkono juu ya vitufe. Hakuutoa.

“Unajua tumechelewa kiasi gani?” Jérôme alifoka. “Unajua nani ataulizwa?”

Kabla hajajibu aliingia Madame Shen, mwakilishi wa Yunhe pale uwanjani, mwanamke mfupi mwenye redio begani. Hakuuliza swali. Alivuta hewa mara moja, uso ukabadilika, akasema maneno machache kwenye redio kwa Kichina, kisha kwa Kifaransa: “Wote nje. Sasa hivi.”

Wakatoka wahudumu, wakatoka wasafishaji na mifuko yao. Jérôme naye akatoka, akitazama nyuma. Priscille alitaka kutoka. Baadaye watu walisema alibaki kwa ushujaa, na kila walipolisema aliona haya, kwa kuwa alijua ukweli: miguu ilimgomea. Na kichwani mwake, penye woga usiosikia hoja, ilikuwa kana kwamba akiinua tu kiganja, kitufe kitajibonyeza chenyewe.

“Madame, na wewe,” alisema Madame Shen.

“Siwezi.”

Yule mwanamke alimtazama, akatazama mkono. Hakumvuta. Alichomoa chupa ya kuzimia moto ukutani, akasimama naye kwenye njia.

Walingoja dakika sita. Ndege tupu ina sauti zake, pumzi za mashine, chuma kinachopoa. Chini ya kiti kitu kilitoa mlio mdogo, tik, kikanyamaza.

“Una mtu katika safari hii?” Madame Shen aliuliza bila kugeuza macho kutoka kwenye kiti.

“Binti yangu.”

Madame Shen aliikaza chupa mkononi. “Mwaka wangu wa kwanza katika kampuni ndio mwaka ule ndege yetu ilipotoka nje ya njia, kule nyumbani. Labda umesoma.”

“Nimesomewa.”

“Niliwekwa kwenye simu za ndugu wa abiria. Hakuna aliyekufa, lakini hiyo tuliijua baada ya saa tatu. Kwa saa tatu sikuwa na la kuwaambia. Rubani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechelewa tu.” Akahamisha chupa mkono wa pili. “Watu wakitusifu kwa rekodi yetu nzuri, bado nasikia zile simu.”

Tik. Tik.

Fundi akaingia na wazimamoto wawili. Kwanza alikata umeme wa kiti kizima, kisha akamgusa Priscille begani na kumwambia sasa anaweza kuachia. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Madame Shen ndiye aliyevibandua kimoja kimoja. Priscille alitolewa nje, na kutoka mlangoni pa ndege aliona mto ukifunguliwa, koleo refu likiingia. Kilichotoka kilikuwa kimevimba kama andazi, kona moja imetafunwa na chuma. Kilipopanda hewani kilitoa mvumo wa nyoka na moshi mweupe ukafumuka hadi darini. Mzimamoto alikitumbukiza ndani ya sanduku la maji. Maji yakachemka.

Felisia alimshika Priscille mkono, wakaketi wote sakafuni penye kile kidaraja cha kupitia abiria.

“Pole, dada. Pole mama. Imetoka. Imeshatoka.”

Yunhe waliagiza viti vyote vikaguliwe upya, safu kwa safu, na kazi hiyo ikala saa mbili na nusu. Graciella alipiga simu.

“Maman, banasema kuko problème technique. Ni nini?”

Priscille aliegemea ukuta. Angeweza kusema neno moja tu na mtoto angerudi Koekelberg jioni ile; alilihisi neno lenyewe ulimini.

“Ilikuwa betri ya muntu, ilizama mu kiti. Ilipata moto. Miye njo niliiona. Banaitosha inje, niliona na macho yangu. Sasa banarudilia viti yote, hata ile ya nyuma.”

“Donc… nipande?”

“Sitakuambia panda, Graciella. Sitakuambia baki. Nimekuambia yenye nilijua, yote. Hakuna yenye nimekuficha.”

Kwenye simu zilisikika sauti za ukumbi, watoto, tangazo. Kisha Graciella akasema taratibu, “Bon. Nitapanda, maman.”

Ndege iliondoka alasiri. Priscille hakuiangalia ikipaa. Aligeukia ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, mikono masikioni, mpaka Felisia alipomwambia kwamba imekwisha kupotea mawinguni. Nyumbani Hénock alimwekea chakula, hakula. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni na simu mapajani, akiapa hatalala. Mwili ukamsaliti. Alipozinduka kulikuwa kumepambazuka, shingo imekaza, na ujumbe ulikuwa umekaa pale kwa saa kadhaa: *Nimefika. Muko mvua. Ulale, maman.* Alilia kwa sauti hadi Hénock akatoka bafuni na sabuni usoni, akidhani ni msiba.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Jumatano aliitwa ofisini. Jérôme alikuwa pale, pamoja na bibi mmoja wa utumishi. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa, ukurasa mmoja safi: timu iligundua kitu cha hatari kitini na kufuata utaratibu. Walihitaji tu sahihi yake.

Priscille aliisoma mara mbili. Habari ya kidole haikuwamo. Dakika nane hazikuwamo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Nani angemwajiri tena? Akaomba kalamu, na bibi wa utumishi akatabasamu. Badala ya kutia sahihi Priscille aliandika chini, polepole, kwa Kifaransa chake cha shule ya masista wa Likasi: kwamba msimamizi alitaka kuinua kiti kwa sababu tulikuwa tumechelewa, na mimi nikafunika vitufe. Kisha ndipo akaweka jina lake.

Jérôme alisoma, masikio yakawa mekundu. “Unajua karatasi hii itafika wapi?”

“Najua, chef.”

Hakujua. Majuma matatu alikuwa akifungua sanduku la barua akiwa bado kwenye ngazi, funguo zikimgongana mkononi. Barua ya kufukuzwa haikuja, wala ya shukrani. Kilichokuja ni tangazo ubaoni: kwa ombi la Yunhe, muda wa kusafisha ndege zao hautapunguzwa tena, hata ndege ikiingia imechelewa, na anayekuta kitu cha moto ana ruhusa ya kusimamisha kazi yote. Jina la mtu halikutajwa. Jérôme alihamishiwa upande mwingine wa uwanja, akisimamia timu ndogo. Priscille alibaki alipokuwa. Wengine walimpongeza, wengine waliacha kukaa naye mezani, maana Jérôme alikuwa na marafiki.

Adhuhuri moja ya Novemba alikuwa anakula peke yake kantini, Felisia akiwa likizo. Jérôme alikuja na sahani yake, akasimama mbele ya meza. Alikuwa amekonda kidogo.

“Ningekibonyeza kile kitufe,” alisema. “Kidole kilikuwa kimefika. Naota hilo.”

Priscille aliweka kijiko chini.

“Ndiyo, chef,” alisema. “Ungekibonyeza. Kaa, ukule, itapoa.”

Jérôme akavuta kiti. Walikula hadi redio ya mezani ilipoita timu ya Priscille, akainuka na kuuendea mlango wa ndege na woga wake wa kila siku.